Nilipeleka picha ya zamani iliyopigwa mwaloni, ufukwe wa mitumbwi, studio moja pale Mwanga, Kigoma: waliisoma kwanza, ndipo wakaitengeneza

Naandika haya kwa mtu mwenye picha ya zamani ndani ya kopo la biskuti au kwenye albamu ya gundi, ambaye ameshaanza kuulizia nani ataitengeneza vizuri. Mimi njia hiyo nimeipita mara mbili. Mara ya kwanza nilitoa hela na nusura nipoteze watu wangu wawili. Mara ya pili nilikwenda studio moja ndogo hapa Kigoma, Mwanga, ukiacha soko ukashika njia ya kuteremkia stesheni, mlango wa kijani. Nilipeleka picha ya mama yangu, nikatoka na mjomba.

Niieleze picha kwanza, maana bila hiyo hamtaelewa kazi waliyofanya. Ni ndogo, inaenea kiganjani, sentimita 6 kwa 9 ukiacha ukingo mweupe uliokatwa meno meno. Nyeusi na nyeupe. Mtoto wa miaka minne au mitano amesimama kwenye maji yanayofika kifundo cha mguu, kifua wazi, kaptula imelowa, kopo mkononi. Nyuma yake kuna pua ya mtumbwi, nyuma ya mtumbwi kuna mwembe, halafu ziwa, halafu mstari hafifu wa milima ya Kongo. Mtoto hatazami kamera. Ametazama kushoto, mdomo wazi, kama anacheka au anaita.

Nyumbani kwetu Ujiji tuliiita "picha ya Mama". Mama alizaliwa 1955, nasi tukapiga hesabu yetu: mtoto ana miaka minne, basi picha ni ya 1959. Kaptula haikutusumbua, watoto wa zamani walivaa kilichopatikana. Mama mwenyewe alikuwa akiitoa koponi mara chache, anaipangusa kwa upindo wa khanga, anasema, "Nimo humu." Basi, anairudisha. Alifariki 2022. Tulipomaliza arobaini ndugu zangu wakanikabidhi mimi picha, niikuze, itundikwe sebuleni kabla familia haijatawanyika tena.

Mimi nauza dagaa na migebuka Kibirizi, siku zangu zinaanza alfajiri. Nikaona nisihangaike, kuna watu wa mtandaoni, unawatumia picha kwa simu, unalipa shilingi 10,000, wanakurudishia imekuwa mpya. Sitawataja. Nilirudishiwa picha baada ya saa moja. Ziwa lilikuwa la buluu, ngozi ya mtoto imepakwa rangi moja kama ya mwanasesere, macho yamegeuzwa yanitazame mimi. Kopo limekuwa mpira mwekundu. Ukungu uliokuwa kushoto kwenye maji umefutwa, umewekwa maji matulivu. Kivuli kilichokuwa chini ya picha kimekatwa. Kaka yangu akasema imependeza. Mimi nilikaa nayo siku mbili simuoni Mama. Nilimwona mtoto mzuri ambaye hajawahi kuishi popote. Programu hizi za akili mnemba zikikutana na kitu zisichokielewa zinaweka kinachofanana na vitu vingi zilivyokwisha kuviona. Na picha ya ukoo thamani yake yote iko kwenye vile vitu ambavyo havifanani na vingine.

Mteja wangu mmoja wa Mwanga ndiye aliyenielekeza studio hii. Akaniambia, "Nenda na picha yenyewe, usiende na simu."

Ukiingia unakuta chumba kimoja. Mbele wanapiga picha za pasipoti na za mahafali. Nyuma ya pazia kuna meza ndefu, skana ya meza, taa mbili za kuinamisha na kompyuta yenye kioo kikubwa. Fundi ni kijana wa thelathini na kitu, kazi aliirithi kwa baba yake ambaye alikuwa na chumba cha giza enzi za filamu. Tukasalimiana, mwakeye, mwakeye, akavaa glavu za pamba ndipo akapokea picha. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, picha hii nyumbani mnaiitaje?" Nikamwambia. Akasema, "Sawa. Jina tutaliweka pembeni kwanza, tuone picha inasemaje." Akaigeuza upande wa nyuma.

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Mimi, na umri wangu huu, upande wa nyuma nilikuwa nimeuona mara elfu bila kuuangalia. Palikuwa na vipande vya karatasi nyeusi ya albamu vilivyong'ang'ania, na mistari ya penseli ambayo sisi sote tuliijua kuwa ni "maandishi ya Babu", ya Kiarabu, tukadhani ni dua. Fundi akanionyesha na kitu kingine: neno VELOX limechapwa kwa rangi ya kijivu iliyofifia, linajirudia kimshazari. Akaniambia hiyo ilikuwa karatasi ya Kodak ya kusafishia picha kwa kubananisha negativu juu yake moja kwa moja, ndiyo maana picha ni ndogo sawasawa na filamu yenyewe. Kwamba karatasi haina plastiki ndani, ni nyuzi tupu, ndiyo maana imejikunja pembeni. Akaipinda kidogo kwenye taa, ukingo ukametameta kama ganda la samaki. "Unaona? Hii ni fedha. Picha nyeusi na nyeupe imejengwa na chembe za fedha, na zikikaa miaka mingi sehemu yenye unyevu, baadhi hupanda juu ya karatasi." Nimeuza samaki miaka ishirini na mbili. Sikujua kama kwenye kopo la biskuti la mama yangu kulikuwa na fedha.

Nikamuuliza kama anaweza kuibandua ile karatasi nyeusi. Akakataa. Alisema akiingiza ukucha ataondoka na penseli. Badala yake alizima taa ya juu, akalaza tochi mezani hadi mwanga ukawa unapita juu ya karatasi kama jua la saa kumi na mbili jioni linavyopita juu ya mchanga. Herufi zikasimama. Palipofutika penseli pakabaki mfereji wake, na mfereji ukawa na kivuli. Akapiga picha sita, tochi akiihamisha kila mara.

Yeye hasomi herufi hizo. Mtu mwingine angeishia hapo. Huyu alitoka na mimi, tukavuka barabara, tukaenda kwa maalimu wa madrasa ya jirani, mzee wa makamo ambaye alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Maalimu akavaa miwani, akaangalia kompyuta ndogo ya fundi, akatabasamu. "Mwanangu, hii si dua. Hiki ni Kiswahili." Akatueleza kwamba wazee waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Nuni, yaani herufi ya n, waliiacha mara nyingi: neno "wangu" Babu ameliandika kwa wau na ghaini, yaani w na g, hakuna nuni. Irabu ya i na ya e ni alama moja, ya u na ya o ni alama moja, kwa hiyo msomaji lazima ajue neno kabla hajalisoma. Alikwenda polepole, kidole kinafuata kwenye kioo. "Wana wangu wawili. Mwaloni. Ujiji." Halafu tarakimu: moja, tatu, nane, ile nane yao iliyo kama paa la nyumba. Tarakimu ya nne iko chini ya gundi.

Wana wangu wawili. Nikamwambia maalimu arudie. Akarudia, akaniambia hapo hapana shaka, wau mbili na lamu, ndiyo l, hakuna neno lingine linaloweza kukaa.

Mwaka ni wa Hijria, kalenda ya Kiislamu. Maalimu alihesabu pale pale kwa kalamu: 1380 ilianza katikati ya 1960, na 1389 iliisha mapema 1970. Kwa hiyo picha iko humo katikati. Siyo 1959.

Tuliporudi studio fundi akaiweka picha kwenye skana kwa nukta 2400 kwa inchi. Inachukua dakika kadhaa, na wakati tunasubiri alinionyesha kamera ya boksi ya baba yake iliyo rafuni, Kodak Brownie. Kasha jepesi, lenzi moja, kitufe kimoja. Za kwanza za jina hilo zilitoka Marekani mwaka 1900, za kadibodi, kwa dola moja. Aliniambia kabla ya kamera za namna hii, mtoto anayecheza hakuwa kitu cha kupigwa picha. Daguerre alipotangaza uvumbuzi wake wa kupiga picha Ufaransa mwaka 1839, mtu alihitajika atulie muda mrefu, na hata baadaye, enzi za vioo vilivyolowanishwa dawa, zilitakiwa sekunde nzima nzima. Mama wa mtoto alifichwa chini ya kitambaa amshike mwanawe asitikisike. Ndiyo maana watoto wa picha za kale kabisa wana nyuso za wafiwa. Dawa kavu zenye kasi zilipokuja ndipo wapiga picha kama Paul Martin wakaweza, mwaka 1892, kutembea ufukweni Yarmouth kule Uingereza na kamera imebanwa kwapani kama kifurushi, wakapiga watu wa kawaida wakistarehe mchangani bila wao kujipanga. Fundi anazo picha kadhaa za Martin kwenye kompyuta. Alinifundisha kutazama mikono na miguu ya watoto waliomo kabla ya nyuso zao, kwa sababu uso mtoto anaweza kuupanga, vidole vya miguu hawezi.

Skana ikamaliza. Akavuta kopo likajaa kioo kizima. Yeye alikuwa amesema ni kopo la kuchezea. Nikamwambia hapana fundi, hili nalijua. Mdomo wake una tundu, na kwenye tundu kuna kamba fupi ya katani. Hilo ni kopo la kufulia maji, linafungwa mtumbwini lisichukuliwe na mawimbi. Mtumbwi ukirudi asubuhi na dagaa, mtoto anapewa kopo atoe maji yaliyobaki ndani. Anatoa makopo matatu, la nne anamrushia mwenzake. Sisi wote tumekua hivyo. Ukiniuliza kama mtoto huyu anafanya kazi au anacheza, nitakujibu kwamba mwaloni hakuna mtu mzima aliyewahi kuyatenganisha hayo. Fundi aliandika maneno yangu kwenye daftari, kopo, tundu, kamba, na akanishukuru.

Kisha akahamia kushoto, kwenye ukungu. Hapa naomba mnivumilie, maana nimeliangalia doa hili kuliko kitu chochote mwaka huu.

Kwenye karatasi ni alama ya kijivu ya ukubwa wa punje ya mchele, juu yake mkwaruzo mweupe. Tulidhani ni kasoro ya karatasi. Fundi alipoikuza, mkwaruzo haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa upinde wa maji, matone yameandamana, makubwa chini, madogo juu. Chini ya upinde kuna kitu cha duara, cheusi, kimevutika kwenda juu kama rangi iliyopitishwa kidole kabla haijakauka. Pembeni ya duara kuna mteremko, na kwenye mteremko mng'ao wa jua. Nilikiona kabla hajasema. Ni kichwa na bega. Mtu anaibuka kutoka mbizini, kwa nguvu, nywele zinatupa maji nyuma. Kamera ya boksi kufunguka na kufunga inachukua kama sehemu moja ya hamsini ya sekunde, inamtosha mtoto aliyesimama, haimtoshi anayeibuka. Kwa hiyo aliyesimama ana uso, aliyeibuka ana mwendo tu.

Na aliyesimama anamtazama yeye. Macho yake ukiyavutia mstari yanafika pale pale.

Nilimwambia fundi, "Huyu ndiye Mama." Akanijibu kwa upole sana, "Dada, mimi naona kichwa cha mtu anayetoka majini. Ni nani, hilo utanisaidia wewe." Sikukasirika. Nilimheshimu zaidi.

Nikamsaidia kwa ziwa. Angalia mwembe. Picha nzima nimekua nayo na sikuwahi kujiuliza mwembe unafanya nini ndani ya maji. Hakuna anayepanda mwembe ziwani. Shina linaingia majini moja kwa moja, hakuna mizizi, hakuna ukingo. Majani ya chini yamekauka, ya juu bado. Nimeshaona miti ya namna hiyo kwa macho yangu, mwaka 2020 na 2021, Ziwa Tanganyika lilipopanda likaingia Kibirizi kwenye nyumba za watu. Chanja zangu za kuanikia dagaa zilizama, tukahamia juu, na miti iliyokuwa inatupa kivuli ikasimama majini miezi na miezi hadi ikafa kuanzia chini kwenda juu. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa pili kule Kalemie, Kongo. Mvua zikizidi, maji hayana haraka ya kuondoka.

Na kabla ya 2020 wazee walikuwa na mpando wao mmoja wanaousimulia: mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru, ziwa likapanda mfululizo hadi likafika kilele 1964. Mwembe wenye majani mabichi juu ni mwembe uliozama karibuni, haujamaliza kufa. Milima ya Kongo inaonekana, maana yake hewa imeoshwa na mvua, si kiangazi cha moshi. Niliiweka picha 1963 au 1964. Wakati huo Mama ana miaka minane, tisa. Hawezi kuwa huyu mwenye kaptula. Na Babu wakati huo alikuwa na watoto wawili tu: Mama, na mjomba wangu aliyezaliwa 1959.

Mjomba alivuka kwenda Kalemie kufanya biashara tukiwa wadogo. Barua yake ya mwisho ni ya 1996, kabla ya vita. Tangu hapo hatujui. Hatukuwa na picha yake hata moja, au ndivyo tulivyoamini, na wadogo zangu hawamjui kwa sura. Kumbe miaka yote ile alikuwa kwenye kopo la biskuti, tunamwita kwa jina la dada yake.

Halafu nikamkumbuka Mama na khanga yake. "Nimo humu." Hakuwahi kusema "huyu ni mimi". Sisi ndio tuliosikia tulichotaka. Angekuwa yeye ndiye aliyesimama angesema "ni mimi" kama watu wote wanavyosema. Alisema nimo, kwa sababu alikuwemo. Yeye ndiye aliyetufundisha kupiga mbizi, mwalo ule ule, na alikuwa anaibuka hivyo hivyo, kichwa kinatupwa nyuma.

Kuhusu kivuli cha chini, kile walichokikata wale wa mwanzo: Ujiji ziwa liko magharibi, na kivuli kinaelekea majini, kwa hiyo jua lilikuwa nyuma ya mpiga picha, asubuhi, saa ya mitumbwi kurudi. Viwiko vimetoka nje pande zote mbili na kichwa kimeinama. Ndivyo unavyoshika kamera ya boksi, tumboni, unachungulia kioo kidogo kwa juu. Nilitaka sana kiwe kivuli cha Babu. Fundi alikikuza mara tatu kwa ajili yangu, akaniambia haoni kofia wala kilemba, na kwamba hataongeza. Tukakiacha.

Sasa huduma yenyewe. Kuskani kwa ukubwa huo shilingi 5,000, kutengeneza 20,000, chapa moja ya inchi 12 kwa 18 kwenye karatasi isiyong'aa 20,000, na nakala mbili ndogo 4,000. Jumla 49,000, nusu unatanguliza. Kwa wanaolinganisha na ile ya 10,000, mnielewe kwamba hivi ni vitu viwili tofauti. Pamoja na chapa alinipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono alichogusa na asichogusa. Aligusa: mikwaruzo kumi na moja, madoa matatu ya ukungu, mkunjo mmoja kwenye kona. Hakugusa: uso, kopo, mwembe, kichwa cha kushoto, kivuli. Kwenye kompyuta matengenezo yamekaa kwenye tabaka lake, unaweza kuyaondoa ukabaki na picha kama ilivyokuja. Rangi hakuweka. Nilimuuliza kwa nini, akasema hajui kaptula ilikuwa ya rangi gani.

Yapo yaliyonikwaza. Alisema siku nne, zikawa tisa, kwa sababu wino wa kuchapia ulikuwa haujafika, na simu hapokei akiwa kazini, kwa hiyo nilipanda Mwanga mara mbili bure na mzigo wa dagaa unanisubiri. Chapa ya kwanza ilitoka nzito, kichwa cha kushoto kikamezwa na weusi. Nilipomwambia aliitazama, akakubali, akachapa nyingine bila kudai hata mia. Benchi la kusubiria ni fupi na halina egemeo. Nilikwenda na mama mdogo siku ya mwisho na miguu yake haimruhusu kusimama, ikabidi akae kwenye kiti cha wapiga pasipoti, kila mteja akija anainuka. Studio inayoletewa kumbukumbu za wazee inunue kiti cha wazee. Na faili kubwa la TIFF, lenye picha nzima bila kubanwa, hawakupi mpaka uliombe. Liombeni, na muende na flashi yenu, msikubali kutumiwa kwa WhatsApp maana linabanwa na yale matone yanageuka uji.

Alinipa na maagizo ambayo nayapitisha. Picha isibanwe kwenye leminesheni hata siku moja, ule moto na gundi havirudi nyuma. Ikiwa imegandana na kioo cha fremu usiivute, ipeleke na kioo chake iskaniwe humo humo. Itoe kwenye albamu ya gundi kama inatoka yenyewe, kama haitoki iache hadi imfikie fundi. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na ukuta wa jikoni. Ukiandika nyuma tumia penseli laini, si biro, na uandike kwenye ukingo.

Mama mdogo hakukubali siku ile. Yeye alizaliwa 1966, mwembe ule hakuuona, na aliposikia 1380 inaanza 1960 akaishikilia: "Dada ana miaka mitano, ndiye yeye." Fundi hakubishana naye. Alimwekea kioo karibu, akavuta kichwa kile kinachoibuka, akanyamaza. Mama mdogo akakiangalia muda mrefu. Halafu akahamisha macho kwa mtoto wa kopo, akagusa kioo kwenye sikio la kushoto la mtoto, akasema, "Kaka alikuwa na sikio limesimama hivi. Walikuwa wanamtania." Akaomba maji.

Chapa kubwa iko sebuleni Ujiji, tumeitundika chini kidogo ili anayekaa kwenye mkeka aweze kukiona kile kichwa. Nakala moja ndogo ninayo mimi. Nyingine nimempa mfanyabiashara mmoja tunayeuziana, anayevuka kwa boti kwenda Kalemie na kurudi, aionyeshe sokoni kwa wazee wa Ujiji waliobaki kule. Nyuma yake, kwenye ukingo, nimeandika kwa penseli namba yangu ya simu, na juu ya namba: Mjomba, mwaloni Ujiji, 1963 au 1964. Dada yake yumo.